Fomu Iliyofunzwa Kunyamaza

Hospitalini walimwita Makro. Ukimuuliza Dada wa Mapokezi nani alianza kumwita hivyo, atakwambia ni yeye, lakini kwa Dada wa Mapokezi kila kitu kizuri kilichowahi kutokea jengo lile alikianza yeye. Jina lilitokana na kazi. Kompyuta ikigoma, fomu ikikataa kufunguka, kitufe kikibonyezwa kisifanye kitu, jamaa anakuja na ndala zake, anainama kwenye kioo, anasonya, halafu anasema, "Hii ni makro tu." Manesi wakaidaka. Kiti kikivunjika mguu, "Makro tu hiyo." Daktari akiamka vibaya, "Mwacheni, makro tu, itapita."

Naye alilipenda. Mtu ambaye cheti chake cha shule hakionyeshiki mbele za watu, kupewa jina la kazi si kitu kidogo.

Makro, kwa asiyejua, ni amri ulizozipanga foleni ukazifungia ndani ya kitufe. Mtu anabonyeza mara moja, amri zinatoka zikifuatana: fungua hiki, chukua kile, peleka kule, sema umemaliza. Kompyuta haiulizi kwa nini. Yeye alijifunza mambo hayo kwenye kitabu kinene kisicho na jalada, kilichoachwa na mradi fulani pamoja na kompyuta tatu na mabango ya kunawa mikono. Mradi ukaondoka, mabango yakapauka, kompyuta zikabaki, na yeye, aliyeajiriwa kuzifuta vumbi, akawa ndiye pekee anayejua zinataka nini.

Nyuma yake kulikuwa na kaka mtu. Kaka yake mkubwa alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya pili kutoka hospitali, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi kuondoka. Alimlea kwa mdomo na kwa mkanda wa kupimia, maana ule mkanda ulikuwa unapima suruali na unachapa vilevile. Makro hakuwahi kuvaa suruali ya dukani mpaka alipoota ndevu. Alipofeli, watu walipokuja kumpa kaka pole kama kuna msiba, kaka aliwatoa mbio. "Pole ya nini? Kafa mtu hapa? Ameshindwa karatasi, hajashindwa maisha. Ondokeni nishone."

Sasa huyo kaka akaanza kuharibika macho.

Kwanza alikuwa anagonga watu njiani, watu wanadhani maringo. Kisha akawa anashona pindo limekwenda upogo na kumlaumu mteja kwa kuwa na mguu mbaya. Shemeji ndiye aliyegundua, siku alipomwekea kikombe cha chai pembeni ya mkono akakipiga kikaanguka, akasema, "Nani kaweka hiki?" Kilikuwa pale pale. Hospitali wakampima wakasema presha ya macho. Ugonjwa huo haurudishi ulichokula. Kinachowezekana ni kupasua mapema ili kilichobaki kisiliwe. Na daktari wa macho hakuwa wa pale. Alikuwa anakuja na timu yake, anapasua wiki moja, anaondoka, na akiondoka hujui lini tena.

Kwa hiyo kulikuwa na foleni, na foleni hiyo ilikuwa inakaa ndani ya fomu ya Makro.

Aliitengeneza mwenyewe na ilikuwa inapendeza. Upande mmoja unaandika mgonjwa: jina, umri, tatizo, siku aliyojiandikisha, simu. Chini kuna kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa HAMISHA. Timu ya macho ikitangaza inakuja, unachagua waliofikiwa, unabonyeza, majina yanaruka kutoka foleni ya wote kwenda kwenye orodha ya chumba cha upasuaji. Dada wa Mapokezi anachukua orodha ile, anapiga simu, watu wanakuja.

Mwanzoni Katibu wa hospitali alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, watu walikuwa wanajiandikisha mara mbili, dirisha hili na dirisha lile, wakidhani wanaongeza bahati. Makro akafikiria. Vitambulisho wengi hawana. Majina yanafanana. Akasema simu basi, siku hizi nani hana simu? Akaiamuru orodha ya upasuaji isikubali namba moja ya simu mara mbili. Katibu akampiga begani.

La pili lilikuwa makelele. Ukibonyeza HAMISHA, kompyuta ilikuwa inaleta visanduku. Unakaribia kuongeza rekodi, una hakika? Hutaweza kurudisha, una hakika? Siku moja walikuja wageni kukagua, Katibu akabonyeza kwa mikogo, kisanduku kikatokea, akakifunga, kikatokea kingine, mgeni mmoja akacheka. Wageni walipopanda gari tu, Katibu akamwita.

"Hiki kitu kina maneno kama mke wa pili. Kinyamazishe."

"Mkuu, saa nyingine kinasema cha maana."

"Kimesema nini cha maana tangu kizaliwe? Una hakika, una hakika! Mimi nina hakika. Zima."

Na Dada wa Mapokezi akadakia, "Zima bwana, mimi kidole kimeota sugu kwa kusema ndiyo."

Makro akakifungua kile kitufe, akaweka amri moja juu ya zote: zima maonyo. Mwisho kabisa akaweka kisanduku chake mwenyewe, kizuri, chenye maandishi mazito: IMEHIFADHIWA. Ukibonyeza, kimya, halafu hicho. Kila mtu akafurahi. Kwenye kile kitabu kisicho na jalada kulikuwa na ukurasa mzima wa kuonya juu ya amri hiyo. Aliusoma. Aliusoma kama mtu anavyosoma bango la kuzuia kutema mate.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa hospitali, mtaani watu walimtegemea. Shangazi yake alijiandikisha kupasuliwa mtoto wa jicho, akaulizwa simu, akasema andikeni ya Makro, yangu haikai na chaji. Kaka akasema hivyo hivyo, mimi simu naiona mbali wapi, andikeni ya mdogo wangu. Na majirani wengine watatu. Na Mzee Saa pia.

Mzee Saa alikuwa fundi saa, anakaa jirani na kibanda cha kaka, ana meza ya kioo na darubini ndogo anayoibana kwenye jicho. Naye presha ya macho. "Naona kama nachungulia ndani ya bomba," alikuwa anasema. Alijiandikisha mapema kuliko kaka, tena ndiye aliyemsukuma kaka aende. Simu alikuwa nayo, lakini alishaifungua ili aitengeneze na haikuwahi kurudi kuwa simu. "Weka namba yako, mwanangu. Wakikupigia, si utaniita? Mimi hapa siondoki."

"Nitakuita, Mzee."

Timu ya macho ilipotangaza kuja, Makro alikaa mwenyewe kwenye fomu. Akachagua waliofikiwa, akamwona Mzee Saa, akamwona kaka yake, akatabasamu peke yake. Akabonyeza. Kimya. IMEHIFADHIWA.

Wiki ya upasuaji ilipofika, kaka hakungoja kupigiwa. Alikuja na mfuko wake, hajala kitu, amenyoa, amevaa shati alilojishonea kwa ajili ya harusi ya mtu. Akakaa kwenye benchi. Wakaitwa wenzake. Ikapita siku. Akaja tena kesho yake, wakaitwa wengine. Siku iliyofuata akamshika Makro mkono kwenye korido.

"We mtoto, mimi hapa nimekuwa pazia? Mbona siitwi?"

"Vumilia kaka, umo. Nimekuingiza kwa mkono wangu."

"Basi mkono wako una kasoro."

Makro akaenda dirishani. "Dada, angalia kaka yangu anaitwa lini."

Dada wa Mapokezi akapitisha kalamu kwenye orodha toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu. "Hayumo."

"Yumo."

"Basi njoo unionyeshe kwa macho yako hayo mazima. Hayumo, Makro. Shangazi yako yumo, alishapasuliwa juzi, kanitukana akitoka. Kaka yako hayumo."

Akakaa kwenye kompyuta. Akafungua foleni ya wote, kaka yupo. Akafungua orodha ya upasuaji, kaka hayupo. Akambonyezea tena HAMISHA. Kimya, IMEHIFADHIWA. Akaangalia orodha. Hayupo. Akabonyeza tena, kwa nguvu sasa, kama kwamba tatizo ni kidole. IMEHIFADHIWA. Hayupo.

"Inasema imehifadhi," akasema.

"Nani anasema?" Dada wa Mapokezi akauliza.

Aliyesema ni yeye. Kile kisanduku alikiandika kwa mkono wake na kilikuwa kinatokea hata kitu kisipohifadhiwa, kwa sababu aliambiwa kitokee mwisho, na mwisho ulikuwa unafika kwa vyovyote.

Akaifungua makro, akaanza kuzipitisha zile amri moja moja. Alipofika kwenye ile ya kuhamisha, akaikimbiza yenyewe, nje ya kitufe, bila ile amri ya kuzima maonyo. Na kompyuta ikasema. Kisanduku kikatokea, kijivu, kidogo, bila hasira yoyote: rekodi kadhaa hazikuongezwa kwa sababu zinarudia namba iliyokwishakuwamo.

Akaiangalia namba. Ilikuwa ya kwake. Shangazi alitangulia nayo, akaingia. Wote waliomfuata na namba ile mashine iliwageuzia mlango, ikataka kumwambia, ikakuta imezibwa mdomo.

Walikuwa watu watano. Wale watatu walikuwa na mtoto wa jicho, hao wanaweza kungoja safari nyingine, jicho haliendi popote. Waliobaki ni wawili wenye presha ya macho: Mzee Saa na kaka.

Alimkuta daktari wa macho nje ya chumba cha upasuaji, anakunywa maji kwenye chupa, barakoa iko shingoni. Mama mtu mzima mwenye macho ya uchovu, aliyekuwa anajibu bila kuinua kichwa. Makro akaeleza. Alieleza vibaya, akaanza na makro, akaingia kwenye namba za simu, yule mama akamkata.

"Kwa ufupi mmesahau watu."

"Ndiyo, daktari."

"Kesho asubuhi tunaondoka. Mchana huu nina nafasi moja, yule mgonjwa wa mwisho sukari imepanda, simgusi. Moja tu, vifaa vimekwisha. Nataka mwenye presha ya macho. Wako wangapi?"

"Wawili."

"Nani alitangulia kujiandikisha?"

Basi hapo ndipo. Hakuna aliyemshikia kisu. Dirisha lilikuwa wazi, kuna mtu anafua mashuka huko nje, sauti ya maji inasikika. Alikuwa anajua jibu, tarehe ilikuwa bado iko kwenye kioo cha kompyuta. Na mwisho wa korido alikuwa anaona goti la kaka, lile goti tu, na mfuko wa nguo juu yake, na mkono unaupapasa mfuko kutafuta kamba.

"Kaka yangu," akasema. Kisha akaona haitoshi, akataja na jina.

"Yupo hapa?"

"Yupo. Hajala."

"Mlete."

Yule mama akavaa barakoa. Hakuuliza zaidi. Kwa nini aulize? Wenye fomu ni wao.

Alipomfikia kaka pale benchini, kaka alisimama kabla hajaambiwa. "Nimepatikana?"

"Umepatikana. Twende."

"Na huyu jirani yangu wa saa, wamemwita? Maana yeye ndiye aliyenile—" Kaka akaishia hapo. Alimsikiliza mdogo wake jinsi alivyonyamaza, akashika mkono aliopewa, wakaenda. Hakumalizia swali, na Makro hakumwomba alimalizie.

Upasuaji ukaenda vizuri. Kaka akalala na bandeji, Shemeji akalia kwa furaha, akamshika Makro mashavu kama mtoto. "Mungu akuzidishie, shemeji yangu. Bila wewe huyu alikuwa wa kushikwa mkono." Makro akasema asante. Akarudi kazini.

Katibu aliitisha kikao. Wale watatu wa mtoto wa jicho walikuwa wamefika, wanapiga kelele. Katibu akataka kujua ni nini, Makro akamwambia ni yale maonyo tuliyozima, mkuu, na namba za simu. Katibu akaangalia dari. Kwenye taarifa akaandika hitilafu ya mtandao. Kompyuta yenyewe tangu izaliwe haijawahi kuunganishwa na mtandao wowote, hata waya wake panya walishautafuna, lakini taarifa ikapigwa muhuri na ikapokelewa.

Makro akarekebisha. Akaiondoa ile sheria ya simu, akayarudisha maonyo. Haukupita muda Dada wa Mapokezi akaanza tena habari za kidole chake, na Katibu akapita akasema, "Hivi haya makelele yamerudi?" Safari hii Makro alisema hapana. Ndiyo hapana pekee aliyowahi kumwambia mkubwa wake, na ilikuwa imechelewa.

Mzee Saa alikuwa kila asubuhi anamngoja apite.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamepiga?"

"Bado."

"Haya. Si wana watu wengi."

Asubuhi ile, na iliyofuata, na zote. Makro akatafuta njia nyingine ya kwenda kazini, akazungukia nyuma kwenye madimbwi. Siku tatu tu, Mzee Saa akatuma mtu aje amuulize kama anaumwa. Akarudi kwenye njia yake. Wamepiga? Bado. Simu iko mfukoni, ikiita kwa jambo lolote mbele ya mzee, mzee ananyoosha shingo.

Meza ya saa ikaanza kuota vumbi. Kwanza mzee aliacha saa ndogo za kike, akabaki na za ukutani. Halafu akawa anakaa tu, darubini kaiweka jichoni kwa mazoea, mbele yake hakuna saa. Watu waliopita walidhani anafanya kazi.

Timu ya macho iliporudi, Makro alimweka wa kwanza kabisa, akamfuata nyumbani, akampeleka kwa mkono. Yule mama daktari alimwangalia muda mrefu kwa taa yake, jicho hili, kisha hili. Akamtoa Makro pembeni.

"Hapa hakuna cha kuokoa. Angekuja safari ile."

Hakumkumbuka Makro. Alikwishageuka kwa mgonjwa mwingine.

Wakarudi mdogo mdogo. Mzee Saa alikuwa amekwishaambiwa. Karibu na kona akasema anataka apitie kwa fundi, suruali yake imechanika na hataki watu wamwone hivyo, hata kama yeye hajioni. Akacheka. Alikuwa mtu wa kujichekesha.

Kaka alikuwa kibandani anakata kitambaa, jicho walilompasua bado linaona. "Karibu jirani! Wamekufungulia dirisha?"

"Dirisha wamelikuta limejengewa ukuta. Nimechelewa, wanasema."

"Si nilikwambia kila siku, usingoje kuitwa, nenda ukakae benchini? Mimi nilikaa. We ulilala na saa zako."

"Mimi nilitangulia kujiandikisha kabla yako, fundi. Wewe nilikupeleka mwenyewe, umesahau?"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

Makro akasema, "Mzee, nisikilize. Siku ile—"

"Achana nayo."

"Hapana, ngoja nikwambie. Siku ile daktari aliniuliza—"

"Nimesema achana nayo, mwanangu." Mzee Saa alikuwa anapapasa kiti, akakipata, akakaa. "Unajua mimi nimekaa nikafikiri sana. Kungekuwa na mtu anapanga pale, karani, na kalamu yake, ningesema huyu kampendelea ndugu yake. Ningekufa na donge. Lakini ile ni mashine, wale wenzangu walioachwa walinieleza. Mashine ina ndugu? Haina. Imekosea tu. Saa nazo zinakosea, nimezitengeneza maisha yangu yote, hujawahi kuniona nimeikasirikia saa. Niachie hivyo hivyo. Nalala vizuri."

Makro alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. Alimwangalia kaka, na kaka alikuwa anamwangalia yeye, moja kwa moja, kwa lile jicho. Hakuna aliyetikisa kichwa. Kaka ndiye aliyeangalia pembeni kwanza.

"Vua suruali, jirani, jifunge hii khanga," akasema. "Nakutilia kiraka sasa hivi."

"Uzi rangi gani? Usije ukanitia uzi mwekundu, nakujua wewe."

Siku nyingine yoyote kaka angesema mwekundu, tena mwekundu wa kung'aa, na wangetaniana mpaka jioni. Alichukua kibunda cha uzi wa kijivu, akakata, akaunyoosha mbele ya sindano. Ukapita kwenye tundu mara ya kwanza.

"Wa kijivu, Mzee," akasema Makro.

"Sawa. Mbona mmenyamaza? Au kuna mteja kaingia?"

"Hakuna mtu," kaka akasema, akaanza kushona.